Gitaa, Karatasi na Kompyuta: Programu Ipi Imfae Mpigaji wa Wamagana?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa na wenye maduka na waweka hazina wa vyama, lakini ni nadra ukweli wake kudhihirika kama unavyodhihirika katika muziki wa gitaa wa miji iliyo chini ya Mlima Kenya. Katika mji mdogo wa Wamagana, pale Tetu, kama ilivyo Othaya, Karatina na Nyeri yenyewe, gitaa limo kanisani, limo shuleni, na usiku wa Jumamosi limo baani mikononi mwa mpigaji mmoja anayeongoza mugithi. Nyimbo huzaliwa, hupendwa, huzeeka pamoja na wapigaji wake, kisha huzikwa nao. Zilizorekodiwa zimesalia, ilhali zisizorekodiwa zimekwenda na wenyewe. Na hata katika zile zilizosalia, sauti ndiyo iliyobaki. Namna vidole vilivyotembea juu ya nyuzi imebaki kuwa fumbo kwa kijana anayetaka kujifunza.

Siku hizi kompyuta zimefika hata vijijini, na pamoja nazo zimefika programu za kuandikia noti. Swali la ipi ichaguliwe huchukuliwa na wengi kuwa swali la fundi, lisilomhusu mwanafunzi wa fasihi. Mtazamo huo una kasoro kubwa. Kila aliyepitia historia ya ushairi wa Kiswahili anafahamu jinsi uteuzi wa hati ulivyoathiri kilichobaki na kilichopotea. Tenzi za pwani zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, nazo hati hizo zina irabu chache kuliko zile za Kiswahili, na katika umbo lake la asili hazina herufi za kutosha kwa baadhi ya konsonanti zetu. Wanakili walilazimika kubuni alama, na waliohawilisha matini hizo katika hati za Kirumi walilazimika kufasiri. Hadi leo wahakiki hubishana juu ya silabi moja ya utenzi mkongwe kwa sababu tu ya uamuzi wa mwandishi aliyeketi na kalamu karne kadhaa zilizopita. Anayechagua programu ya kuandikia gitaa hii leo anakikalia kiti kilekile cha mnakili.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini gitaa ni mkaidi kuliko ala nyingine. Katika kinanda, noti moja ina kitufe kimoja tu. Katika gitaa, noti moja ina makazi mengi. Chukua sauti ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukipigwa wazi bila kubanwa. Sauti hiyohiyo hupatikana katika uzi wa pili kwenye freti ya 5, katika uzi wa tatu kwenye freti ya 9, na katika uzi wa nne kwenye freti ya 14. (Freti ni vile vichuma vilivyokingama shingoni mwa gitaa.) Mistari mitano ya noti za kawaida inamwambia msomaji ni sauti gani itoke, haimwambii itoke wapi. Zaidi ya hayo, noti za gitaa huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika, jambo linalompotosha mwanakwaya anayejaribu kuimba moja kwa moja kutoka katika karatasi ya mpiga gitaa.

Ndipo ikawapo tabulatura: mistari sita inayowakilisha nyuzi sita, na tarakimu juu yake kuonyesha freti ya kubanwa. Huu si uvumbuzi wa vijana wa leo. Wapigaji wa ala ya luti huko Ulaya waliandika kwa mbinu ya namna hii tangu karne ya 16. Uzuri wake ni kwamba humwelekeza mwanagenzi moja kwa moja mahali pa kuweka kidole. Ubaya wake, hasa inapoandikwa kwa vistari na tarakimu tupu kama inavyosambazwa mitaani, ni kwamba haisemi noti idumu kwa muda gani. Asiyewahi kuusikia wimbo hawezi kuupiga. Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha programu inayofaa ni bayana: lazima iandike mistari mitano na mistari sita kwa pamoja, zikiwa zimefungamana, hivi kwamba ukibadilisha noti hapa na kule ibadilike.

Mfano wa kihistoria utafafanua uzito wa suala hili. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga, na wimbo wake wa Masanga ukawa somo kwa wapigaji wa Afrika nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na mtindo wake wa kucharaza kwa vidole ukaenea Kenya. Mtaalamu David Rycroft aliketi akaisikiliza sahani hiyo na nyinginezo, akaandika noti zake kwa mkono, na kuchapisha makala mawili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Ilikuwa kazi ya subira kubwa. Lakini tazama kinaya kilichopo: mpigaji wa Kikatanga ameandikwa kwa kirefu katika jarida la kitaaluma, ilhali wapigaji wa Nyeri na Murang'a waliofuata kizazi hicho wameachiwa kumbukumbu za mashabiki. Joseph Kamaru wa Kangema, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, aliacha mamia ya nyimbo. Mjukuu wake, ambaye ni msanii wa sauti, amejitahidi kuzitoa upya rekodi hizo. Ni juhudi ya kupongezwa. Hata hivyo, rekodi ni nusu ya daftari. Kijana wa Wamagana anayetaka kujua gitaa la pili lilikuwa likifanya nini nyuma ya sauti ya mwimbaji hana pa kusoma.

Si kwamba eneo hili halina mapokeo ya kuandika muziki. Wamisheni wa Kiskoti waliojenga Tumutumu na wale wa Consolata waliojenga Mathari walileta nyimbo zilizoandikwa, na miongoni mwa makwaya mfumo ulioshika mizizi ni solfa, yaani zile herufi za d, r, m zilizoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Solfa ilifaulu kwa sababu nyepesi: mtu aliweza kuiandika kwa chaki ubaoni au kwa taipureta yoyote, pasi na karatasi maalumu. Makwaya yaliyoshiriki katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, yamelelewa nayo. Kwa sauti nne za kwaya, solfa yatosha na kubaki. Kwa gitaa haifai hata kidogo, kwa maana humwambia mtu umbali wa sauti moja hadi nyingine bila kumwonyesha uzi wala freti. Mwalimu wa kwaya anayetaka kumwandikia mpiga gitaa wake hana budi kuvuka mto huo, na programu ndiyo mtumbwi.

Basi ni mtumbwi upi? Kwa miaka mingi walioulizwa walitaja majina mawili: Finale, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na Sibelius, iliyobuniwa na ndugu wawili Waingereza, Ben na Jonathan Finn, na kuuzwa tangu mwaka 1993. Zote zilikuwa za bei ya kampuni na vyuo vikuu, seuze mpigaji wa baa. Nakala za wizi zilipita mkono kwa mkono, na mara nyingi zilikuja na virusi vyake. Tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaendeleza tena Finale. Mwanzoni ilisema kwamba baada ya mwaka mmoja haingewezekana kuisajili katika mashine mpya. Malalamiko yalipozidi ikalegeza kamba. Miaka 36 ya kazi za watunzi ulimwenguni ikajikuta ndani ya mafaili ambayo mwenye ufunguo ametangaza kustaafu. Sibelius nayo ilipita katika misukosuko yake: ilinunuliwa na kampuni ya Avid mwaka 2006, ofisi yake ya London ikafungwa mwaka 2012, na waliotimuliwa wakaenda kuunda programu nyingine, Dorico, iliyotoka mwaka 2016. Hizi ni programu bora, na hapana haja ya kuzibeza. Lakini mwanamuziki aliye mbali na soko zinakouzwa anajifunza somo moja kutokana na habari hizi: asiweke daftari lake ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Guitar Pro, iliyoundwa na kampuni ya Kifaransa ya Arobas Music tangu mwaka 1997, inastahili kutajwa peke yake. Ilibuniwa na watu wanaolijua gitaa, na haraka yake katika kuandika tabulatura haina mshindani wa karibu. Hununuliwa mara moja, haitozi kodi ya kila mwezi. Vijana wengi waliojifunza gitaa kutoka mitandaoni wamekutana na mafaili yake hata kabla hawajajua jina la programu yenyewe. Asiye na fedha anaweza kuyafungua mengi kati ya hayo kwa TuxGuitar, programu ya bure iliyo huria. Upungufu wa Guitar Pro hujitokeza pale gitaa linapokutana na kwaya. Karatasi yake hunuia mpigaji, si mwimbaji wala msimamizi wa kwaya, na huko Wamagana gitaa mara nyingi hukutana na watu wote watatu Jumapili moja.

Ipo pia LilyPond, iliyoanzishwa na Waholanzi wawili mwaka 1996, ambayo huandikwa kama matini: mtumiaji hupiga herufi, nayo programu huchora noti. Kwa urembo wa ukurasa haina mfano, na faili lake ni maandishi matupu yanayoweza kusomwa na kompyuta yoyote hata baada ya miaka 50. Mtu wa fasihi huipenda upesi kwa kuwa inafanana na kuhariri muswada. Hata hivyo, kumwambia mpigaji aliyerudi kutoka shambani kwenye kahawa kwamba aandike amri za aina hiyo ni kumtwisha mzigo wa mtu mwingine.

Kwa mizani hii, MuseScore ndiyo inayofaa kupewa nafasi ya kwanza. Ilianzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, ikafikia toleo lake kamili la kwanza Februari 2011, na hadi leo ni bure na huria. Huweka mistari mitano na tabulatura bega kwa bega na kuzifungamanisha. Toleo la 4.2, la Desemba 2023, liliongeza alama nyingi za gitaa, hususan zile za kuvuta uzi ili sauti ipande. Hukubali nyuzi zitunzwe upya kwa mpangilio wowote, jambo muhimu kwa wapigaji ambao hawafuati mpangilio wa vitabuni. Na anayetaka kuongeza mstari mmoja wa mdundo kando ya gitaa, kama ile chupa ya soda inayogongwa katika gitaa la Waluhya la enzi za George Mukabi, anaweza kufanya hivyo bila hila.

Kuna kigezo kingine ambacho katika vitabu vya Ulaya hakitajwi kabisa, nacho ni herufi. Maneno ya nyimbo za Wamagana ni ya Kikuyu, na Kikuyu huandikwa kwa ĩ na ũ. Kuziacha alama hizo ni kuchanganya irabu saba na kuzifanya tano, na maneno tofauti kuonekana kuwa neno moja. Finale, pamoja na umaarufu wake wote, haikuanza kukubali mfumo wa herufi wa kimataifa hadi toleo lake la 2012. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20, basi, programu mashuhuri kuliko zote haikuwa na njia nyoofu ya kuandika ubeti mmoja wa Kikuyu kama unavyoandikwa shuleni. MuseScore na LilyPond hazina tatizo hilo. Mwanafunzi wa lugha angetarajiwa kuuliza swali la herufi kabla ya swali la sauti nzuri za kusikiliza, lakini wengi huvutwa kwanza na sauti.

Na hapo pana mtego. Programu za leo hupiga noti zilizoandikwa, na hupiga vizuri kiasi cha kumfanya mwandishi aridhike kabla ya wakati. Mugithi, neno lenye maana ya treni kwa Kikuyu, huenda kwa mwendo wa wacheza dansi walioshikana mabega. Mpigaji huuvuta wakati kidogo na kuuachilia kwa kutazama miguu yao. Kompyuta hupiga kama saa ya ukutani. Kijana anayeandika wimbo wa mzee kisha akausahihisha mpaka upendeze masikioni mwa kompyuta atakuwa ameandika wimbo wa kompyuta. Hakuna programu inayotibu hilo. Dawa ni kurudi kwa mzee na karatasi, na kumwomba apige tena polepole, akionyesha vidole.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba wapigaji wetu hupiga kwa sikio, na kuwaandikia ni kuwatia katika kaburi la mistari. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na ilishatolewa pia dhidi ya kuandikwa kwa fasihi simulizi. Lakini ngano iliyoandikwa haijamzuia bibi yeyote kuisimulia kwa namna yake, na kitendawili kilicho kitabuni bado hutegwa jikoni. Kinachozuia usimulizi ni kufa kwa msimulizi pasi na mrithi. Wengine watasema kamera ya simu inatosha. Kamera ni ya lazima, na anayefanya kazi hii bila kuitumia anajidanganya. Lakini video ya dakika tano haimfundishi mwanakwaya sauti ya pili, wala haiwezi kupangwa upya kwa ajili ya magitaa mawili. Suala la ruhusa nalo lisipuuzwe. Wimbo una mwenyewe, au warithi wake, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimsamehe anayechapisha noti za mtu eti kwa sababu alizipata kwa sikio lake mwenyewe.

Vikwazo vya kawaida vinahitaji maneno machache tu. Toleo la 4 la MuseScore ni zito kwa kompyuta kongwe. Mwenye mashine ya namna hiyo atumie toleo la 3, ambalo bado latosha kwa gitaa na sauti nne. Maktaba ya sauti za hali ya juu haina ulazima, na kuipakua ni kuteketeza bando kwa anasa. Umeme ukikatika, kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea, kwa hiyo muda wa kuhifadhi kwa hiari ya programu uwekwe kuwa mfupi.

Linalobaki ni la lugha, nalo ndilo linalokihusu chama cha Kiswahili moja kwa moja. Mwalimu anayefundisha programu hizi Nyeri hufundisha kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kikuyu, kwa sababu Kiswahili cha muziki ulioandikwa hakijakamilika. Tuna noti, mizani, mdundo, ufunguo na oktava. Lakini neno la kile kibano kinachofungwa shingoni ili kupandisha nyuzi zote halijaafikiwa, wala la kuteleza kidole kutoka freti moja hadi nyingine, wala la kupiga uzi kwa kuuachia kidole bila kuucharaza upya. Hata jina la tabulatura lina kioja chake: vijana hulifupisha kwa Kiingereza, na ukilitia irabu ya mwisho kwa kufuata sauti za Kiswahili ufupisho huo waweza kugeuka kuwa tabu. Mwanagenzi atakayeambiwa ajifunze tabu kabla ya gitaa atakuwa na haki ya kutoroka.

Kazi ya istilahi haiwezi kuachiwa kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mradi wa Kilinux waliketi wakaafikiana juu ya istilahi za kompyuta, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Walifanya hivyo kwa sababu programu ile ilikuwa huria na mlango wake haukuwa na bawabu. MuseScore nayo hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na menyu zake ziko wazi kwa yeyote aliye na subira. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wangepata hapo uwanja usiokanyagwa sana: istilahi zenye watumiaji halisi, zinazoweza kujaribiwa wiki hiyohiyo katika mazoezi ya kwaya, mbele ya mpigaji atakayesema waziwazi kama neno linamkaa ulimini au halimkai.

Wakati istilahi zikisubiriwa, atakayeanza Wamagana leo na aanze na wimbo mmoja wa mzee mmoja. Kila wimbo uhifadhiwe mara tatu: katika faili la programu yenyewe, katika PDF ya kuchapishwa, na katika MusicXML, muundo wa wazi uliobuniwa na Michael Good na kutolewa rasmi mwaka 2004, ambao programu nyingi za noti huusoma. Jina la mpigaji, kijiji chake, tarehe na mpangilio wa nyuzi viandikwe juu ya ukurasa wa kwanza. Nakala moja ya karatasi abaki nayo mzee mwenyewe.